Mashine ya michezo mkononi mwa mtoto: tupime mazuri na mabaya yake

Kila mwaka siku za sikukuu na siku za kutoa buletini zinapokaribia, watoto wetu wanakuja na maombi yao. Zamani waliomba viatu, nguo mpya ao mpira. Siku hizi wengi wanaomba kitu kingine: «Mama, uninunulie mashine ya michezo.» Hawasemi juu ya telefone wala televizyo. Wanataka ile mashine ndogo yenye ekrani na vifungo, ambayo mtoto anaishika kwa mikono miwili, macho chini, vidole gumba vikikimbia. Wakubwa wanaiita konsoli ya mkononi.

Katika vikundi vyetu swali hili limeulizwa mara nyingi: je, tununue ao tukatae? Mama mmoja anasema mashine hii inaamsha akili. Mwingine anajibu kwamba inawatia watoto uvivu na kuwaharibu macho. Mimi ni mwalimu wa masomo ya msingi, na katika darasa langu wako watoto wanaocheza na wasiocheza, wanaofaulu na wanaoanguka, na siwezi kusema kwamba mashine peke yake ndiyo inayotenganisha hawa na wale. Basi leo tuipime kama tunavyopima unga sokoni: upande mmoja tuweke mazuri, upande mwingine mabaya, kisha kila mama aangalie mzani unalalia wapi katika nyumba yake.

KWANZA TUZIJUE MASHINE ZENYEWE

Mama akisikia «konsoli» anafikiri ni kitu kimoja. Sivyo. Katika masoko yetu ya Lubumbashi, kwa mfano soko la Kenya, utakuta namna tatu.

Namna ya kwanza ni ile ya bei ya chini kabisa, yenye ekrani ya rangi ya kijivu, inayoonyesha vidoli vyeusi vya mraba vinavyoanguka kutoka juu. Inatumia pile. Mchezo huo wa kupanga matofali ulitungwa mwaka 1984 mjini Moscow na mtu aitwaye Alexey Pajitnov, naye akauita Tetris. Kuna maumbo saba tu, na kila umbo lina vidoli vinne. Mtoto anageuza umbo likiwa bado hewani ili liingie vizuri mahali pake. Juu ya mashine hizo mara nyingi wanaandika «michezo 9999». Usidanganyike. Ndani kuna michezo michache tu. Wanabadilisha mwendo na vizuizi, halafu wanahesabu kila badiliko kama mchezo mpya.

Namna ya pili ni ile ndogo ya rangi, iliyoandikwa «SUP» na «michezo 400». Hii ina betri ya kuchaji, inayofanana na betri ya zile telefone ndogo za Nokia za vifungo, na ina waya wa kuiunganisha na televizyo. Michezo yake mingi ni ya zamani sana, ya miaka ya 1980, iliyonakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Yule mtu wa sharubu anayeruka juu ya mabomba, ambaye watoto wetu wanamwona mpya, alikuwa tayari anaruka katika mchezo Super Mario Bros. mwaka 1985, kabla baadhi yetu wamama hatujazaliwa.

Namna ya tatu ni konsoli za kampuni kubwa. Kampuni Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy mwaka 1989. Ilitumia pile nne, na pamoja na ndugu yake ya rangi iliuzwa zaidi ya mara milioni 118 duniani. Baadaye zikaja Nintendo DS na PSP ya Sony mwaka 2004, na Nintendo Switch mwaka 2017. Switch ilipotoka ilikuwa na bei ya dola 300 huko Marekani, na ndugu yake mdogo, Switch Lite ya mwaka 2019, dola 200. Kwetu hizi zinaletwa na ndugu walio Ulaya ao Afrika ya Kusini, ao zinauzwa zikiwa zimekwisha kutumiwa.

Ninazitaja kwa sababu uzuri na ubaya wake si mmoja. Mashine ya matofali haiwezi kumwonyesha mtoto mambo ya aibu. Konsoli kubwa inayoingia katika intaneti inaweza kumpeleka mbali zaidi. Kwa hiyo mtoto akiomba, swali la kwanza la mama liwe: «Ni ipi unayoomba?»

MAZURI YAKE

La kwanza, mtoto yuko karibu. Katika mitaa yetu kuna nyumba za michezo, ambako watoto wanalipa franka kwa kila mechi ya mpira ya televizyo. Humo wanakutana na vijana wakubwa, mara nyingi kuna kuchezea feza, kuna moshi wa sigara, na mtoto anayetumwa kununua mkaa anarudi jioni bila mkaa. Mtoto anayecheza barazani huku mama anachambua sombe anaonekana. Mama anaweza kumwita, kumtuma, kumsikia anapokasirika. Hilo si jambo dogo.

La pili, mashine za namna ya kwanza na ya pili hazina intaneti. Wamama wengi wanampa mtoto telefone ili anyamaze. Lakini telefone ina mlango wazi: matangazo, picha za uchi, watu wasiojulikana wanaoandika «habari yako, mrembo», na megabiti ambazo mama amenunua kwa ajili ya biashara yake zinaliwa. Mashine ndogo haina mlango huo. Yaliyomo ndani ndiyo hayo tu. Mama anaweza kukaa saa moja na kuona karibu yote ambayo mtoto wake ataona.

La tatu, kuna kazi ya akili. Mchezo wa matofali unamfundisha mtoto kuona umbo likigeuka kichwani mwake kabla ya kuligeuza kwa kidole. Darasani tunahitaji akili hiyo katika somo la jometri. Michezo mingine inadai kukumbuka njia, kupanga hatua, kungoja wakati unaofaa. Tena mchezo unamfundisha mtoto kuanguka na kuanza upya bila kulia. Mtoto anayejaribu mara ishirini kuvuka bomba moja anaonyesha uvumilivu. Lakini tusizidishe sifa. Anayecheza vizuri matofali anakuwa hodari hasa wa matofali. Mchezo hautamfundisha kusoma wala kufanya hesabu za kugawanya. Muuzaji anayekuambia kwamba mashine «itamfaulisha mtoto masomo» anauza maneno.

La ine, inaondoa hofu. Huko Marekani madaktari walijaribu kuwapa watoto mchezo wa mkononi walipokuwa wakingojea kuingia chumba cha kupasuliwa. Katika utafiti wao uliotolewa mwaka 2006, watoto waliocheza walikuwa na hofu ndogo kuliko wengine. Mama aliyewahi kukaa na mtoto hospitalini siku nyingi anaelewa thamani ya kitu kama hicho. Ni vilevile kwa mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kukimbia na wenzake: kwa dakika chache anakuwa sawa nao, hata anawapita.

La tano, watoto wanajifunza kupokezana. Mashine moja kwa watoto wane inaweza kuleta vita, lakini ikiwa na sheria inaleta zamu: wewe ukipoteza, mwenzako anashika. Kuna nyumba ambamo hata nenea anacheza, na wajukuu wanacheka pamoja naye. Mchezo unaochezwa mbele ya wengine ni mzuri kuliko ule unaochezwa chini ya blanketi.

MABAYA YAKE

La kwanza ni wakati. Mchezo umetengenezwa ili usiishe. Ukivuka hatua moja, nyingine inakungoja, na mtoto anasema «kidogo tu, mama» mpaka sahani inapoa. Wakati huo unakatwa fasi fulani: katika kazi za nyumbani, katika kuchota maji, katika kulala. Sisi walimu tunaona matokeo asubuhi. Mtoto wa darasa la sita, ambaye mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi unamngoja, anasinzia juu ya daftari saa tatu ya asubuhi. Ukimwuliza alilala saa ngapi, ndugu yake mdogo ndiye anayejibu.

La pili ni macho. Ekrani ni ndogo, na mtoto anaisogeza karibu na uso, hasa umeme unapokatika na chumba ni giza. Kutazama karibu kwa muda mrefu kunachokesha macho, kunaleta kuumwa kichwa, na shingo inauma. Tena mtoto anayecheza ndani hatoki nje. Katika mji wa Guangzhou, huko China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, wale waliopata ugonjwa wa kutokuona mbali walikuwa wachache kuliko katika masomo mengine. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2015. Kumbe mwangaza wa jua ni dawa ya macho, nayo haiuzwi.

La tatu ni feza inayofuata. Bei ya sokoni ni mwanzo tu. Mama, fanya hesabu pamoja nami. Mashine inayokula pile mbili kila siku tatu inakula pile ishirini kwa mwezi. Zidisha mara bei ya pile moja kwenye kioski chako, kisha zidisha mara kumi na mbili. Huenda utakuta kwamba mashine ya bei ya chini imekula madaftari ya mwaka mzima. Tunajua kwamba masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini daftari, kalamu, viatu na uniforme si bure. Tena mtoto akikosa pile anaanza kutafuta. Chenji ya mkate inapungua franka mia, kisha mia mbili. Hapo mchezo umemfundisha wizi.

La ine ni mambo yaliyo ndani. Michezo mingi ya zamani ni ya kurukaruka na ya mbio za magari, lakini kuna mingine ya kupiga watu risasi tangu mwanzo mpaka mwisho. Katika nchi yetu wako watoto waliosikia bunduki za kweli, waliokimbia usiku mgongoni mwa mama. Sharti tuwe na busara tunapowapa bunduki kama kichezeo. Kwa konsoli za kampuni kubwa, angalia sanduku la mchezo: michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya ina alama ya PEGI yenye namba 3, 7, 12, 16 ao 18. Namba hiyo inaonyesha umri ambao mchezo unafaa, haionyeshi ugumu wake. Mchezo wa 18 si wa mtoto wa miaka tisa, hata kama anajua kuucheza kuliko mjomba wake.

La tano ni hatari za mwili ambazo hatuzijui sana. Mashine nyingine ndogo sana, zile za kutundika kwenye funguo, zinatumia pile bapa kama kifungo cha shati. Pile hiyo ikimezwa na mtoto mchanga na kukwama kooni, inaweza kuunguza ndani katika muda wa saa mbili. Ukiona pile imepotea na mtoto anatoa mate mengi ao anakataa kumeza, usingoje asubuhi. Nenda hospitalini mara moja. Na betri ya kuchaji ikivimba kama mkate, iondoe. Usiitoboe, usiitupe jikoni motoni, na usiichaji juu ya godoro.

KUANGUKA KIFAFA SI UCHAWI

Hapa ninaomba wamama wanisikilize vizuri. Kuna watoto wachache ambao ubongo wao hauvumilii mwangaza unaowakawaka haraka. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, filamu moja ya watoto ya Pokémon ilionyesha kwenye televizyo mwangaza mwekundu na wa bluu uliobadilishana kwa kasi. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini jioni hiyo, wengine wakiwa na dalili za kifafa. Konsoli za kampuni kubwa nazo zinakuja na onyo juu ya hatari hiyo.

Mtoto akianguka, akitetemeka ao akipotewa na fahamu kidogo wakati wa kucheza, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko kinywani, kisha umpeleke kwa daktari. Wala asipelekwe kufungwa ao kunyimwa chakula kwa sababu mtu fulani amesema ni mtoto ndoki. Ni vilevile kwa mtoto anayekaa kimya, anayekasirika usiku, anayesema peke yake juu ya mashujaa wa mchezo wake. Huyo hajaingiwa na kitu. Amechoka, ao mchezo umemshika, na dawa yake ni masharti ya nyumbani na mapendo. Tumeona katika miji yetu watoto waliofukuzwa nyumbani kwa shtaka la uchawi. Mashine ya kuchezea isiwe shahidi wa uongo juu ya mtoto yeyote.

MCHEZO UKIMSHIKA MTOTO

Mwaka 2019, OMS, shirika la afya la dunia, lilikubali kuweka tatizo la michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo imeanza kutumika mwaka 2022. Lakini shirika hilo halisemi kwamba kila mtoto anayecheza ni mgonjwa. Linaangalia mambo matatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unachukua nafasi ya kwanza mbele ya mambo yote ya maisha, na anaendelea kucheza hata akiona madhara. Tena kwa kawaida mambo hayo yanadumu miezi kumi na miwili.

Basi mama asiogope kwa sababu mtoto amecheza Jumamosi yote. Aogope akiona wiki kwa wiki kwamba mtoto anaacha marafiki, anaacha mpira, anakataa kula, anasema uongo ili acheze, na alama zinashuka kwenye buletini. Hapo ongea na mwalimu wake. Mara nyingi mtoto anayekimbilia mchezo anakimbia kitu kingine: anapigwa na wenzake masomoni, ao hasomi vizuri na anaona haya, ao nyumbani kuna ugomvi. Ukichukua mashine bila kuuliza sababu, umeziba moshi na kuacha moto.

NA MSICHANA JE?

Kuna jambo moja ambalo katika mikutano yetu halisemwi. Mashine inaponunuliwa, inanunuliwa «kwa ajili ya watoto», lakini nani anacheza? Tembea mtaani jioni uangalie. Kijana ameketi barazani na mashine. Dada yake wa umri uleule anaosha masufuria, ana mtoto mchanga mgongoni, na hajafungua daftari lake. Kesho darasani ninawauliza wote wawili swali lilelile.

Ikiwa mchezo ni pumziko, basi wote wawili wanastahili pumziko. Ikiwa mchezo unaamsha akili, basi akili ya msichana nayo iamshwe. Na ikiwa masufuria ni kazi ya nyumba, basi mikono ya kijana haitavunjika kwa kuyaosha. Mimi ninaona kwamba hapa mashine inaweza hata kutusaidia: zamu ya kucheza ifuate zamu ya kazi. Aliyeosha, acheze. Aliyekaa, angoje. Watoto wanaelewa haki upesi kuliko sisi wakubwa.

UKIFIKA SOKONI

Ukiisha kuamua kununua, usinunue mashine iliyo ndani ya sanduku. Omba ifunguliwe na iwashwe mbele yako. Bonyeza kila kifungo, hasa vile vya mishale, kwa sababu ndivyo vinavyokufa kwanza. Angalia kama ekrani haina mistari. Sikiliza sauti, na uulize kama inaweza kuzimwa, la sivyo utaijuta usiku wa kwanza. Kwa ile ya kuchaji, fungua mgongo uone betri: isiwe imevimba, na iwe ya namna inayopatikana kwa watengenezaji wa telefone mtaani. Uliza kama waya umo. Pita katika michezo kumi ao kumi na tano wewe mwenyewe. Hesabu iliyoandikwa sandukuni isikuvute. Na muuzaji akuandikie kikaratasi chenye tarehe, ili ikiharibika wiki hiyo uwe na neno la kusema.

Wamama walio katika kikundi cha akiba wanaweza kufanya namna nyingine: mashine mbili tatu za kikundi, zinazokaa kwa mama mmoja, na watoto wa wanakikundi wanacheza Jumamosi mchana pamoja. Bei inagawanywa, wakati unapimwa wenyewe, na hakuna mtoto anayecheza peke yake gizani.

MASHARTI YA NYUMBANI

Mashine bila masharti ni kama jiko bila mlinzi. Weka masharti siku ya kwanza, kabla haijawashwa, kwa sababu ukiyaleta baadaye mtoto ataona unamnyang'anya kitu chake. Haya ndiyo ninayoyapendekeza:

Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe ekrani yoyote. Kuanzia miaka miwili mpaka mine, OMS inasema isipite saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Kwa wale wa masomo ya msingi, siku za masomo nusu saa inatosha, baada ya kazi za nyumbani, siyo mbele yake. Jumamosi inaweza kuongezwa.

Kila dakika ishirini mtoto anyanyue macho, aangalie mbali, mti wa jirani ao paa la nyumba ya pili, kisha aendelee.

Saa moja kabla ya kulala mashine inazimwa, na inalala chumbani mwa mama. Isilale na mtoto.

Haiendi masomoni. Ikienda inaibiwa, ao inanyang'anywa, ao inaleta ugomvi, na mwalimu anapoteza somo akitafuta mwenyewe.

Pile zina bajeti. Zikiisha kabla ya mwezi, mchezo unangoja mwezi mpya. Mtoto anayejua hivyo anajifunza kuzima mashine yeye mwenyewe, na hilo nalo ni somo la hesabu.

Mwisho, mama acheze. Ndiyo, wewe. Mara moja tu kwa wiki, dakika kumi, mwambie mtoto akufundishe. Atacheka jinsi unavyoanguka, lakini utajua anachotazama, na siku akipata shida atajua kwamba mama yake anasikia lugha yake.

JIWE LETU LIKO NDANI

Neno moja bado kwa sisi wa Katanga. Betri nyingi ndogo za kuchaji zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi na Likasi. Malori yanaipitisha Kasumbalesa kwenda mbali. Kisha mashine zilizotengenezwa zinarudi kwetu kwa njia ileile, nasi tunazinunua. Vivyo hivyo koltani ya ndugu zetu wa Kivu inaingia katika vipande vidogo vya mashine za umeme. Katika machimbo wako watoto wanaobeba mifuko ya mawe badala ya mifuko ya madaftari.

Sisemi haya ili mama asinunue. Ninasema ili tuwaambie watoto wetu ukweli huu wanapocheza. Mtoto akijua kwamba jiwe lililo ndani ya kichezeo chake lilitoka katika udongo wake, labda atauliza: «Kwa nini sisi hatuzitengenezi?» Swali hilo lina thamani kuliko michezo 400. Mtoto anayeuliza hivyo, mletee daftari, mletee hesabu, mletee sayansi. Naye asome mpaka ajibu mwenyewe.

MZANI UNALALIA WAPI?

Nikijumlisha, naona hivi. Mashine ndogo isiyo na intaneti, katika nyumba yenye masharti, ni kichezeo kizuri cha wakati wa pumziko. Ni bora kuliko telefone iliyo wazi na bora kuliko nyumba ya michezo ya mtaani. Katika nyumba isiyo na masharti, mashine ileile inakula usingizi, feza na alama za mtoto. Na kwa mama ambaye feza yake haitoshi uniforme, kukataa si ukatili. Mwambie mtoto wazi: «Mwaka huu daftari, mwaka ujao tutaona.» Mpira wa matambara, kamba ya kuruka na mawe ya kucheza uwanjani havina betri, na jua linalea macho bure.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, nani anacheza na nani anafanya kazi wakati huo? Tunaweza kubadilisha nini wiki hii?

2. Tuhesabu pamoja: mashine moja na pile zake kwa mwaka zinagharimu franka ngapi? Feza hiyo inaweza kununua nini kingine?

3. Jirani akisema mtoto wa fulani ni ndoki kwa sababu ya mambo anayoyafanya akicheza, tutamjibu nini, na tutampeleka mtoto wapi?

4. Je, kikundi chetu kinaweza kuwa na Jumamosi ya michezo, pamoja na kusoma na kukimbia nje?